Kabichi Moja ya Kumpelekea Mkwe

Tarehe 21 Septemba. Upepo umeanza kabla ya jua, ule unaopasua midomo, na vumbi limelala juu ya kila kitu mpaka juu ya maji ya ndoo. Upande wa mashariki kuna wingu moja limesimama tangu juzi bila kufanya kazi yoyote. Sitalisema vibaya. Mimi mwenyewe nimesimama hivyo hivyo tangu Agosti.

Leo ninakwenda Lalago kwa mama mkwe wangu kuomba majani makavu. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili kwenye daftari hili na kuifuta mara moja, lakini ndiyo kweli yenyewe. Nimebeba kabichi moja kwenye mfuko, kwa sababu ukweni mtu haendi mikono mitupu. Kabichi yenyewe ina ukubwa wa ngumi. Ngumi yangu, na mimi si mtu mkubwa.

Haya yanayofuata nimeyaandika niliporudi, jioni.

Nianze na mwezi wa tano. Huku Bariadi mvua zinaisha Mei, na kuanzia Juni mpaka Oktoba kitu cha kijani kinachobaki ni minyaa, nayo hailiwi. Ndiyo maana wanawake wetu, kunde zikiwa bado na majani laini, huyachuma, huyachemsha kidogo, huyaanika juani mpaka yawe kama majani ya chai, kisha huyaweka. Hiyo ndiyo nsansa. Siku ya kuila unailoweka, unaipika na karanga za kutwanga. Mke wangu ameifanya kazi hiyo kila Mei tangu nimuoe, na mimi nimekula kila mwaka na kulalamika kila mwaka. Nilikuwa nasema inanuka gunia. Watoto wakajifunza kusema hivyo hivyo, kwa hiyo mezani akawa na walalamikaji watatu badala ya mmoja.

Mwaka huu nikapata mwalimu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alihamia Njombe kwenye kazi ya mbao, na nyuma ya chumba alichopanga amelima bustani. Akaanza kunitumia picha kwa simu: kabichi kubwa kama kichwa cha ndama, karoti, figiri. Na ujumbe wa sauti, anaongea meno yanagongana.

"Shemeji, huku ikifika Juni, asubuhi kuna barafu juu ya majani, nyeupe kama chumvi. Nafunika kwa nyasi jioni, nafunua jua likitoka. Lakini hii ndiyo miezi ya bustani, shemeji! Wadudu wote wamelala kwa baridi. Lima na wewe, mnajionea huruma bure na hayo majani makavu."

Niliusikiliza ujumbe huo mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama. Shemeji simlaumu. Alisema ya Njombe kwa usahihi kabisa. Hakusema hata siku moja kwamba Bariadi iko Njombe. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Nikamkuta mke wangu anakung'uta turubai la kuanikia.

"Mwaka huu usianike," nikamwambia. "Tutakula mbichi mpaka mvua zirudi."

"Mbichi za wapi?"

"Za bustani."

"Bustani ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama kama anavyotazama ng'ombe wa mnadani, kuanzia kwato. "Baba, kunde ni wiki hii na wiki ijayo tu, baada ya hapo majani yanakuwa kamba. Nikilikunja turubai hili silikunjui tena. Unajua?"

"Najua."

"Basi mboga ya nyumba hii, kuanzia leo mpaka mvua, iko juu yako."

"Iko juu yangu."

Akalikunja, kona juu ya kona, kama anafunga bendera. Kisha akampigia simu mama yake Lalago, ambaye kila mwaka hutuwekea kikapu kizima cha nsansa, akamwambia asituwekee. Nilisikia. Ningeweza kusema neno, nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale. Nilinyamaza, tena kwa fahari.

Nikalima matuta sita karibu na kisima. Mchicha matuta mawili, bamia mawili, nyanya moja, kabichi moja. Miche ya kabichi nilinunua kwenye duka la pembejeo, na muuzaji aliniuliza kama nina maji ya kutosha. Nikamjibu kwamba nina kisima. Hakuniuliza kinabaki na maji kiasi gani mwezi wa nane, na mimi sikujiuliza.

Bustani ikataka uzio. Mavuno yakiisha, huku kwetu ng'ombe hufunguliwa waingie mashambani kula mabua, wa kila mtu kwenye shamba la kila mtu, na hakuna anayemkataza mwenzake. Ni utaratibu mzuri na mimi nimeufaidi. Mtu mwenye akili angekata miiba. Lakini nilikuwa nimetoka kuvuna pamba, na mabua ya pamba tunaambiwa kila mwaka tuyang'oe na kuyachoma ili wadudu wasipate pa kukaa. Nikafikiri: kwa nini nichome kitu kinachoweza kusimama? Nikayang'oa na mizizi yake, nikayachimbia kuzunguka bustani nzima, nikayasuka. Siku tano. Jioni ya tano nilisimama mbali kidogo nikautazama ule uzio, nikasogea mbali zaidi, nikautazama tena.

Nikaanza pia kufunika miche kwa nyasi kila jioni, kama Njombe.

"Unafunika nini?" mke wangu akauliza.

"Barafu."

"Barafu gani?"

"Ikija."

Barafu haikuja. Walikuja mchwa, kwa ajili ya nyasi, na kwa kuwa walikuwa wameshafika wakala na miche ya nyanya. Nikaziondoa nyasi, nikaacha kidogo tu kwenye mche mmoja wa kabichi ambao niliufunika na beseni bovu lenye matundu. Kwa nini huo mmoja, sijui. Nafikiri beseni lilikuwa karibu.

Lakini Julai, lazima niseme ukweli wote, Julai nilikuwa mtu. Mchicha ulikubali. Kila jioni nilichuma fungu nikalipeleka jikoni, na sikupita njia fupi. Nilizunguka kwa jirani, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote mtaani kwetu, nikiwa nimeliinua fungu kidogo ili lionekane.

"Mwadila, ngosha," akanisalimu siku moja, kama wanaume wa huku wanavyoitana. "Majani yote hayo, umeanza kufuga sungura?"

"Ni mboga ya nyumbani."

"Wiki nzima nakuona unayapitisha hapa. Kesho yapitishe na ugali."

Mke wangu aliupika mchicha kwa nyanya na kitunguu, watoto wakala, na siku moja akasema, "Mzuri." Neno hilo moja. Nililiandika kwenye daftari, na nimelitafuta leo nikaliona bado lipo.

Agosti kisima kilianza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, ndoo mbili asubuhi, moja jioni. Mchicha ukatoa mbegu kabla ya majani. Bamia zikaanza kuchanua, nikajipa moyo. Kisha nikawaona wale wadudu wekundu tunaowajua kwenye pamba, wamekaa kwenye bamia zangu changa wamepangana. Chini ya majani kulikuwa na vidukari, ukigusa mkono unanata. Nikanyunyiza majivu. Nikanyunyiza maji ya pilipili, upepo ukanirudishia pilipili yote usoni.

Na uzio ukachipua. Baadhi ya mabua yalikuwa na mizizi mizima, yakapata maji yangu, yakatoa majani mapya mazuri ya kijani. Hakuna tuta langu lililokuwa na afya kama uzio.

Mke wangu alikuja kutazama, mikono nyuma. "Hongera," akasema. "Wenzako wamevuna pamba mara moja."

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka. Ikafika siku ambayo bustani haikuwa na hata jani la kumpelekea. Nikaenda sokoni mjini, nikanunua fungu la chainizi. Nikarudi kupitia nyuma, nikaingia bustanini, nikalipaka udongo kwenye mashina, nikalinyunyizia maji, nikaenda nalo jikoni. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyechoka na jembe.

Akalipokea. Akaligeuza. Lilikuwa limefungwa kwa uzi wa katani, fundo lile la wauzaji.

"Bustani yako," akasema, "siku hizi inafunga mafungu yenyewe?"

Akalipika, maana chakula hakitupwi. Lakini baadaye akaniambia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Mimi siwezi kununua majani sokoni. Kila mwanamke pale anajua mume wangu ana bustani, ulihakikisha mwenyewe. Nikinunua watauliza. Wewe ukinunua, ununue uje useme umenunua. Usinidanganye kwa udongo."

Nikaahidi. Tangu hapo tumekula dagaa, maharage, dagaa, maziwa ya mgando, maharage. Mdogo wa watoto wetu aliuliza juzi nsansa iko wapi. Yule yule aliyekuwa anasema inanuka gunia.

Mwisho wa Agosti alikuja bibi shamba wa kata yetu, binti wa umri wa kuwa mwanangu, kwa pikipiki. Alikuwa anakagua kama mabua ya pamba yamechomwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, hii ni bustani yenye uzio au ni shamba la pamba lenye bustani katikati?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aling'oa bua moja, akapasua kitumba kikavu kilichobaki juu yake, wadudu wekundu wakamwagika kiganjani.

"Unawaona? Hawa walitakiwa wafe njaa sasa hivi. Wewe umewajengea nyumba, halafu ukawawekea jiko katikati. Bamia na pamba ni ndugu, mzee. Anayekula huku anakula na huku."

"Sikujua."

"Kuchoma ulijua?"

Nilitaka kumweleza habari za Njombe. "Nilijua," nikasema.

"Haya basi. Uchome wote wiki hii, tafadhali. Wakibaki kwako watakwenda kwa wenzako msimu ujao."

Hakunigombeza, hakuandika jina langu mahali. Kabla hajaondoka nilimwonyesha kabichi zilizotobolewa kama chujio, nikamuuliza kama na hizo ni kazi ya uzio. Akasema hapana, hao ni viwavi, wadudu wengine kabisa, wamekuja wenyewe. Naandika hilo ili wale wa pamba nisiwasingizie.

Nikachoma uzio Jumatano. Uliwaka vizuri, hilo nalo niliseme. Alhamisi nikaenda kukata miiba, na niliporudi na mzigo wa kwanza kichwani, ng'ombe wa jirani walikuwa wanatoka bustanini, taratibu, mmoja ana shina la bamia mdomoni. Jirani akaja mbio, uso umemshuka.

"Ngosha, nisamehe. Nimeona umechoma, nikajua umeshamaliza kuvuna."

Nilitazama matuta. "Ni kweli," nikamwambia. "Nilikuwa nimeshamaliza." Yeye hakufanya kosa lolote. Shamba lisilo na uzio baada ya mavuno ni la ng'ombe, na mimi ng'ombe wangu wawili walikuwa kwake wakati huo huo.

Nilipookota beseni bovu lililokuwa limepinduka pale, chini yake kulikuwa na kabichi. Kwa hiyo, kwa haki, ushauri wa Njombe umeokoa kabichi moja, na nilimtumia shemeji ujumbe kumshukuru. Akauliza picha. Nikamwambia simu imeisha chaji.

Jana usiku baada ya dagaa mke wangu akasema, "Kwa mama ipo."

"Nini?"

"Unajua nini. Nsansa. Mama huanika nyingi hata ukimwambia asituwekee."

"Basi mpigie."

"Mimi?" Akaweka sufuria chini. "Nilipiga Mei. Nilimwambia mwaka huu hatuli makavu. Sasa nipige niseme nini, kwamba nilisema uongo? Mboga iko juu yako, ngosha. Nenda kaombe mwenyewe."

Asiyetoka kwetu anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Hampeani mikono, huingii nyumbani mwake, na ukiwa na haja unamtuma mtu akusemee. Katika miaka yote hii nimeongea na mama mkwe wangu labda maneno hamsini, na arobaini kati ya hayo ni salamu. Kwenda peke yangu kumwomba chakula cha jikoni mwake, chakula nilichokikataa, nilimwambia mke wangu sijui kama nitaweza. Akasema hata yeye hajui. Lakini asubuhi mfuko ulikuwa mlangoni, na kabichi ndani yake, imeoshwa.

Gari mpaka Maswa, bodaboda mpaka Lalago. Mwenye bodaboda aliuliza nimebeba nini kwa uangalifu hivyo. Nikasema dawa.

Nilimkuta uani anapepeta karanga. Aliponiona akanyanyuka haraka, akaingia ndani na ungo wake, akakaa nyuma ya mlango akinipa mgongo, kama inavyotakiwa. Mimi nikakaa nje kwenye kigoda, natazama upande wa zizi. Tukaongea hivyo, kupitia mlango.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu; mayu ndiyo mama.

"Mwadila, mkwe. Huko ni mhola?"

"Mhola."

"Watoto?"

"Wazima."

"Binti yangu?"

"Mzima."

"Ng'ombe?"

"Wazima."

"Na bustani?"

Upepo ulipita uani ukazungusha makapi ya karanga. "Inaendelea," nikasema. Halafu nikaona nimetoka Bariadi yote hiyo kuja kusema uongo mwingine. "Mayu, imeisha. Hakuna bustani. Nimekuja kuomba nsansa, kama ipo."

Nilisikia ungo ukiwekwa chini.

"Mwezi wa tano niliambiwa hamli makavu," akasema. "Binti yangu ndiye aliyekataa?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, nao ulikuwa wazi. Ningenyamaza tu, na desturi ingenisaidia, maana mkwe haongei sana. "Ni mimi," nikasema. "Yeye alikuwa ameshatoa turubai. Nilimkatalia mimi, na watoto ni mimi niliyewafundisha kuilalamikia."

"Ehee. Nilitaka tu nijue nani." Akakohoa. "Kijana wangu wa Njombe aliniambia mkwe wako amelima kabichi. Nikafurahi. Meno yangu haya, majani makavu yananisumbua siku hizi. Nikasema mkwe ataleta. Juni nikangoja. Julai nikangoja."

Hilo sikulitegemea. Julai yote nilikuwa naupitisha mchicha mbele ya jirani, na kuna mtu Lalago alikuwa anangoja jani moja laini, wala sikumkumbuka. Nikauchukua mfuko, nikausukuma taratibu mpaka kizingitini, nikarudi kwenye kigoda changu. Mkono wake ukatoka, ukauvuta ndani.

Nikasikia mfuko ukifunguliwa. Nilivunja desturi kidogo, nikatazama kwa pembeni: mgongo wake ulikuwa unatikisika.

"Ndiyo ya kwanza hii?" akauliza alipopata sauti.

"Na ya mwisho, mayu."

Mgongo ukatikisika tena, na safari hii sauti ilimtoka. Alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilitazama zizi, na nadhani nilicheka pia, lakini siwezi kuapa.

Alinijazia kikapu mpaka kifuniko kikakataa. Akakisukuma nje kwa mguu. "Wabeja, mkwe, kwa kabichi," akasema. "Nitaipika yote leo, sitabakiza." Kisha akasema, na hili nimelirudia njia nzima ili nisilipunguze: "Mwakani sitawawekea. Kunde zikiwa tayari utachuma wewe, utachemsha wewe, utaanika wewe, na mbuzi utawafukuza wewe. Binti yangu atakaa kitako akuangalie. Nusu utaleta hapa. Na bustani ukitaka lima, lakini turubai lisikunjwe."

"Nimesikia, mayu."

"Na hii moja, ni nini kiliiokoa?"

"Beseni."

"Mwakani tafuteni mabeseni mengi."

Nimefika nyumbani jua likiwa juu ya paa la jirani. Nimepita njia fupi. Mke wangu amefungua kikapu, amenusa, hakuniuliza inanuka nini. Nimemweleza yote, pamoja na sehemu ya "ni mimi", ambayo amenifanya niirudie.

"Na kabichi, aliicheka?"

"Alikuwa amenipa mgongo."

"Basi aliicheka."

Nimemsaidia kutwanga karanga, nikazimwaga kidogo, akaninyang'anya mchi. Watoto walikuwa wameshakaa kabla hawajaitwa. Tumekula ugali wa mtama na nsansa ya karanga. Mimi nimeongeza mara mbili, na mara ya pili nimeomba kwa kuinua mkono, kama shuleni.